Nat King Cole kwa masikio ya mwalimu wa kwaya: anzeni na After Midnight

Ukimtafuta Nat King Cole, mwimbaji na mpiga piano wa Marekani, kwenye simu, kitu cha kwanza kukufikia ni violini. Mona Lisa ya 1950, Unforgettable ya 1951, zile nyimbo ambazo hapa Lubumbashi huwekwa ukumbini maarusi wanapokata keki. Ni nzuri, sizikatai. Lakini mtu akiishia hapo amemsikia nusu tu. Nusu nyingine imo katika albamu moja ya mwaka 1957, After Midnight, na hiyo ndiyo ninayotaka kuisemea.

Ninafundisha kwaya katika parokia moja ya komini ya Kenya, hapahapa Lubumbashi. Kazi yangu ni maneno na pumzi: neno lianzie wapi, liishie wapi, pumzi ivutwe kabla ya nini. Kwaya zetu zina nguvu, na nguvu hiyo naipenda, ila siku hizi bafle, yaani spika, zimekuwa kubwa kuliko makanisa, na kila anayepewa mikro anaona lazima apaze sauti mpaka mishipa ya shingo imtoke. Cole anafanya kinyume. Anaisogelea mikro na kuzungumza nayo. Mama mmoja wa alto, muuza unga sokoni, alipomsikiliza kwa mara ya kwanza aliniambia: “Mwalimu, huyu papa anaimba sawa anazungumuza na mutu moja tu.” Nimesoma maneno mengi juu ya mwimbaji huyu, na hayo ya mama wa unga ndiyo yaliyomfika.

After Midnight ilirekodiwa kati ya Agosti na Septemba 1956, kwa kampuni ya Capitol. Wakati huo Cole alikuwa nyota wa nyimbo za mapenzi zenye okestra kubwa nyuma, na wapenzi wa jazi walikuwa wakilalamika kwamba ameitupa piano. Hapa ameirudia. Yeye anapiga na kuimba. John Collins yuko kwenye gitaa, Charlie Harris kwenye kontrabasi, Lee Young kwenye ngoma. Halafu kila kikao kinaleta mgeni mmoja: Harry Edison wa tarumbeta, Willie Smith wa saksafoni, Juan Tizol wa tromboni, Stuff Smith wa violini. Ndiyo, violini ipo hata hapa, lakini ni moja, na inakwaruza na kucheka kama bibi mzee mwenye hadithi. Msikilizeni Stuff Smith kwenye When I Grow Too Old to Dream, kisha mniambie kama violini ni chombo cha kulilia tu.

Wimbo ninaourudia kuliko wote ni Sweet Lorraine. Cole alikuwa ameurekodi tangu mwaka 1940, akiwa kijana wa miaka 21, na wenye subira wazitafute rekodi zote mbili wazilinganishe. Ile ya 1940 ni safi, imekaa wima, ya mtu anayetaka kuonyesha kwamba anaweza. Ya 1956 imelegea mahali pazuri. Anachelewesha neno kidogo, mpigo unapita, ndipo neno linakuja na kukaa palepale lilipopaswa kukaa. Edison, aliyelelewa katika bendi ya Count Basie, anajibu kwa tarumbeta iliyozibwa mdomo, noti tatu, nne, basi. Hamkatizi. Anamngoja amalize. Kwetu sisi wa kwaya, hiyo ndiyo kazi ya waitikiaji, na ni wachache wanaojua kunyamaza namna ile.

Caravan inapigwa na mtunzi wake akiwa chumbani: Juan Tizol, mtu wa Puerto Rico aliyekuwa katika bendi ya Duke Ellington, ndiye aliyeileta melodi hiyo duniani miaka ya 1930, na hapa anaipiga mwenyewe kwa tromboni. Sitaisema sana. Isikieni.

Lakini Route 66 lazima niisimamie. Ni wimbo wa Bobby Troup, na Cole aliurekodi kwanza mwaka 1946. Kwa sehemu kubwa ni orodha ya miji ya barabarani, toka Chicago mpaka Los Angeles. Orodha! Mwimbaji mwingine angeisoma mbiombio ili aifikie kiitikio. Cole anaupa kila mji uzito wake, konsonanti zote zinasikika, na bado inayumba vizuri. Nimeifanya kuwa zoezi la kwaya: tunaimba majina ya njia yetu ya kwenda Kolwezi, Likasi, Fungurume, na kila mtu lazima asikike hata akiwa ameshusha sauti. Vijana wa besi ndio wanaoteseka zaidi, maana wamezoea kujificha ndani ya kishindo. Silabi ya mwisho ya Fungurume inawapotea kila jioni.

Na gitaa, jamani. Sisi wa Katanga tuna masikio ya gitaa. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipomrekodi mpiga gitaa wetu Jean Bosco Mwenda kule Jadotville, ambayo ni Likasi ya leo, mwaka 1952, gitaa moja lilitosha kubeba besi, melodi na mpigo. Aliyelelewa na sauti hiyo ataipenda trio ya kwanza ya Cole, ile ya mwishoni mwa miaka ya 1930 na ya 1940, isiyokuwa na ngoma kabisa: piano, gitaa la Oscar Moore, kontrabasi. Mpigo unatoka kwenye vidole. Kutoka huko chukueni Straighten Up and Fly Right, uliorekodiwa 1943. Cole aliutoa katika mahubiri ya baba yake, aliyekuwa mchungaji wa Kibatisti: ndege mla mizoga anawabeba wanyama mgongoni kuwarusha angani, anawatupa na kuwala, mpaka siku anambeba nyani, na nyani anamkaba shingo. Wazee wetu wangeweza kuisimulia hadithi hiyo jioni yoyote. Mama yake Cole naye alikuwa akipiga kinanda kanisani, ndiye aliyemfundisha mwanawe piano. Nikiambiwa na wazazi kwamba kwaya inawapotezea watoto wakati, huwa nawatajia nyumba hiyo.

Jambo moja linanitia uchungu kila ninapoisikiliza albamu hii. Aprili 1956, miezi michache kabla ya kuingia studio, Cole alivamiwa jukwaani huko Birmingham, katika jimbo lake la kuzaliwa la Alabama, na wanaume weupe waliochukia kumwona mtu mweusi pale. Aliangushwa akiwa anaimba. Novemba mwaka huohuo alianza kipindi chake kwenye televisheni ya NBC, na Desemba 1957 kikafungwa kwa sababu hakupatikana mdhamini wa kitaifa wa kukibeba. Vikao vya After Midnight viko katikati ya mambo hayo mawili. Nimetafuta dalili ya jeraha katika sauti na sijaiona. Ninachosikia ni mtu aliye nyumbani kwake, na naona hapo ushujaa mkubwa kuliko ule wa kupiga meza.

Baada ya hiyo, nendeni wapi? Wenye kupenda violini kweli wachukue Love Is the Thing, ya 1957 pia, iliyopangwa na Gordon Jenkins. Kwa ajili ya Stardust peke yake inafaa. Wengi huanza wimbo huo kwenye kiitikio kinachojulikana. Cole anaanza na ule utangulizi wake mrefu, polepole, na vyombo vinamfuata kwa mbali. When I Fall in Love nao umo humo.

Cole Español ya 1958 ni jambo la pekee kwa Mkongo. Cole hakuwa akisema Kihispania. Aliyakariri maneno kwa sauti zake, na wenye lugha wanasikia mara moja. Mimi pia nasikia kwamba maneno hayana ule uzito wa Sweet Lorraine, kwa sababu anayeyatamka hajui neno gani linauma. Hata hivyo siwezi kuiacha. Bolero ya Quizás, quizás, quizás, cha-cha-cha ya El bodeguero: hizo ni santuri za Kuba tulizozinywa pamoja na maziwa ya mama. Miaka hiyohiyo bendi ya African Jazz ya Grand Kallé ilikuwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, ikiimba Kihispania cha kusikia vilevile. Wawekeni wazee wenu nyimbo hizo bila kuwaambia ni nani anayeimba, muone miguu.

Za mwisho mwisho sizipendekezi. Kuanzia Ramblin' Rose ya 1962 wakamwekea kwaya nyuma, na nasema kama mwalimu wa kwaya: ile kwaya haina kazi pale. Inarudia alichokwisha kusema, tena kwa utamu wa kupita kiasi. L-O-V-E, aliyoirekodi mwaka 1964, inajikomboa kwa uchangamfu wake. Alikufa Februari 15, 1965, kwa kansa ya mapafu, akiwa na miaka 45 tu. Alivuta sigara maisha yake yote, na hilo nawaambia waimbaji wangu bila kuzunguka.

Sasa, kabla hamjatumia mega zenu za intaneti. Mikusanyo mingi ya “nyimbo bora” inachanganya rekodi za miaka tofauti bila kusema. Mwaka 1961 Capitol ilitoa The Nat King Cole Story, na humo aliziimba upya nyimbo zake nyingi za zamani kwa stereo. Si mbaya, ila sauti imeshakuwa nzito na kavu zaidi. The Christmas Song peke yake ina rekodi nne: mbili za 1946, moja ya 1953, moja ya 1961, na hii ya mwisho ndiyo inayopigwa kila Desemba. Tazameni mwaka. Kama haukuandikwa, sikilizeni kama kuna upana wa kushoto na kulia kwenye wimbo wa miaka ya 1940; ukiwepo, si ile ya kwanza.

After Midnight ya asili ina nyimbo 12. Yapo matoleo ya baadaye yenye nyimbo 5 zaidi za vikao vilevile, mojawapo Candy. Chukueni hilo mkilipata, na msikilize kwa bafle ndogo, karibu, sauti chini.