TAHADHARI: Betri za taa za utepe "zinazowaka kwa saa kumi" zinauzwa mjini, na ndani ni mchanga

Wenzangu tunaouza jioni kando ya barabara, na yeyote anayetaka kuwasha taa za utepe za LED kwa betri, tafadhali soma hii kabla hujatoa pesa. Nimeibiwa shilingi 3,200, na tangu niseme hapa mtaani, wanawake wawili wamenijia na kasha lile lile mkononi.

Mimi nauza viatu vya mitumba huku Pipeline, Nairobi. Meza yangu haina stima. Siku zote nilikuwa nategemea mwanga wa duka la jirani. Akifunga yeye, nami nafunga, hata kama watu bado wanateremka kwenye matatu. Na kiatu cheusi hakiuziki gizani. Mteja anataka kuona soli, anataka kuona kama ngozi imepasuka pale kidole kinapokunja. Ndiyo maana nikashuka mjini kutafuta taa za utepe nizungushe kwenye mwavuli.

Yule kijana dukani alikuwa na adabu sana. Alinitolea utepe wa mita tano na kasha jeusi la plastiki, refu kama kipande cha sabuni, limeandikwa 12V 20Ah. Akaunganisha, taa zikawaka duka zima likang'aa. "Hii ni orijino, mama. Utawasha kwa saa kumi bila kuchaji." Aliniandikia waranti ya mwaka mmoja kwenye risiti. Sikuona wakati ule kwamba risiti haina jina la duka wala muhuri, na kwamba jina lililotokea kwenye M-Pesa lilikuwa la mtu mwingine kabisa. Ukiona hivyo, rudisha simu mfukoni.

Jioni ile niliwasha saa kumi na mbili na nusu. Haikufika saa moja na robo, mwanga ukaanza kufifia, kwanza mwisho wa utepe, kisha wote. Nilidhani haijajaa. Nikachaji usiku kucha. Kesho yake, mambo ni yale yale.

Nilipeleka kwa fundi wa redio hapa mtaani, mzee ninayemwamini. Kabla hata hajashika bisibisi, aliniambia niende bucha jirani nipime uzito. Mizani ikasoma gramu 430. Fundi akatikisa kichwa, akachukua kalamu akanipigia hesabu nyuma ya risiti yangu, na hesabu hiyo ndiyo nataka kila mtu aishike.

Volti 12 mara ampia-saa 20 (ndiyo ile 20Ah, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inabeba) ni wati-saa 240. Seli za lithiamu zinazotumika kwenye makasha haya ni zile za duara ziitwazo 18650, yaani upana milimita 18, urefu milimita 65. Kila moja ina volti 3.7, na iliyo nzuri ya kawaida hubeba kama mAh 3,000 (mAh 1,000 ni Ah 1), ambazo ni wati-saa 11 hivi. Kwa hiyo ili upate 240 unahitaji seli zaidi ya ishirini. Seli moja ya ukweli ina uzito wa gramu 45 hivi. Ishirini na moja zinakaribia kilo nzima, bado hujahesabu plastiki na waya. Kasha la gramu 430 haliwezi kuwa na 20Ah, hata aliyeliuza aape vipi.

Akalifungua. Kulikuwa na seli tatu zimeunganishwa kwa waya mwembamba, na pembeni mfuko wa nailoni umebanwa kwa gundi. Aliutoboa kwa ncha ya bisibisi. Ukamwagika mchanga, mchanga wa mto wa kawaida, mkavu, kama ule tunaoona kwenye mijengo. Nilishika ule mchanga mkononi nikakumbuka siku ngapi nimesimama juani kupata ile 3,200.

Seli zenyewe zilikuwa na karatasi iliyoandikwa 9900mAh kila moja. Huo ni uongo mwingine, na ni rahisi kuukumbuka: 18650 zinazosifika hubeba kama mAh 3,500. Ukiona 5,000, 8,000, 9,900 kwenye seli ya ukubwa huo, aliyeandika anakudanganya. Fundi alizipima zikatoa kama 1,200, yaani Ah 1.2, na zikiunganishwa kwa mfuatano volti ndizo huongezeka, Ah hubaki ile ile. Utepe wangu unakula wati 4.8 kila mita, kwa hiyo mita tano ni wati 24, ukigawa kwa volti 12 ni ampia 2. Gawa 1.2 kwa 2, ni saa 0.6, yaani dakika 36. Ndiyo zile dakika nilizopata mezani.

Kuna jambo linaloniumiza kuliko pesa. Ndani ya kasha hakukuwa na ile bodi ndogo ya ulinzi inayozuia seli zisichajiwe kupita kiasi. Seli ya lithiamu haitakiwi kuvuka volti 4.2, tatu kwa mfuatano ni 12.6. Chaja waliyonipa imeandikwa 12.6V, lakini mita ya fundi ya kupimia volti ilisoma 14.8. Nilikuwa nachaji kitu hicho usiku kucha, kwenye chumba cha mabati, watoto wamelala hatua mbili kutoka hapo. Mmoja wa wale wanawake wawili alikuta lake limefura na lina joto kiasi cha kushindwa kulishika. Kama unalo la namna hii nyumbani, lichomoe sasa hivi, ulitoe nje mbali na nguo na godoro. Usilitupe kwenye taka zinazochomwa. Kituo cha WEEE Centre hapa Nairobi hupokea taka za umeme, betri zikiwemo.

Niliporudi dukani, adabu ilikuwa imeisha. Kwanza niliambiwa nimeunganisha vibaya. Nilipomwonyesha mchanga, akasema nimeuweka mwenyewe na kwamba kufungua kasha kumevunja waranti. Wiki iliyofuata meza ile ilikuwa inauza vifuniko vya simu, na kijana ni mwingine. Sitaji jengo, maana katika jengo hilo hilo kuna watu waaminifu ninaonunua kwao mpaka leo.

Biashara hiyo imehamia pia kwenye WhatsApp na Facebook: picha nzuri, bei ya chini, "tuma nusu tukuletee kwa boda". Usitume chochote kabla hujakishika kifaa. Na unapokishika, omba mizani. Uzito ukiwa chini ya ile hesabu, ondoka. Hata uzito ukitosha, bado mwambie afungue mbele yako, kwa sababu mchanga nao una uzito.

Kuna wizi mwingine wa kimya kimya, wa betri za risasi (lead-acid) za 12V 7Ah zilizotolewa kwenye UPS za ofisi, vile vifaa vinavyoshikilia kompyuta stima ikipotea, zikafutwa vumbi na kuuzwa kama mpya. Hizi uzito ni sahihi, kama kilo mbili na zaidi kidogo, kwa hiyo mizani haikusaidii. Hapa dai mita ya kupimia volti. Betri mpya iliyojaa, ikiwa imetulia, inasoma volti 12.7 au zaidi. Kisha unganisha utepe wako uwake robo saa huku mita ikiwa imebaki pale. Ikishuka haraka kuelekea 11, imekufa hiyo, hata kama iling'aa vipi mwanzoni. Dakika mbili za kuonyeshwa dukani hazithibitishi kitu.

Na muulize utepe unakula wati ngapi kwa mita. Wengi husema tu "LED haili stima". Ule wa taa kubwa uitwao 5050, wenye taa 60 kwa mita, hula wati 14.4 kila mita. Mita tano ni wati 72, ampia 6. Hata betri ya 7Ah ya ukweli haimalizi saa moja na nusu hapo, na unaiharibu.

Mimi sasa natumia betri ya risasi ya 7Ah niliyopimiwa mbele yangu, na nimekata utepe ukabaki mita mbili. Utepe wa 12V hukatwa kila baada ya taa tatu, palipochorwa mstari. Ukikata kwingine, zile tatu haziwaki. Mita mbili ni wati 9.6, ampia 0.8, na nikitumia nusu tu ya betri ili idumu napata kama saa nne. Zinanitosha kutoka magharibi mpaka saa nne na nusu usiku. Fundi aliniwekea fyuzi ya ampia 2 karibu kabisa na upande wa chanya, na chaja ni ya betri za risasi. Chaja hiyo usiiweke kwenye lithiamu hata siku moja.

Risiti, sanduku na zile seli nimezihifadhi. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na malalamiko ya bidhaa mbovu hupokelewa na KEBS, shirika la viwango la Kenya, makao yao yako Popo Road, South C. Wale wenzangu wawili tumekubaliana kupeleka malalamiko yetu pamoja. Kama nawe umeuziwa kasha jeusi la 12V 20Ah la ukubwa wa kipande cha sabuni, usilitupe wala usichane risiti. Niandikie hapa chini tuongeze lako. Langu liko wazi mezani kwa fundi, na mchanga wake pembeni. Anayepanga kwenda mjini kununua anaweza kupita jioni alione kwanza.