Kundelungu au Upemba?

Ndugu wa Lubumbashi wenye siku tatu tu, nendeni hifadhi ya taifa ya Kundelungu. Ni karibu zaidi, na maporomoko ya Lofoi, yenye zaidi ya mita 300, yanatosha kulipa uchovu wa njia. Nendeni mvua zinapokwisha, mwezi wa 4 au wa 5, kabla maji hayajapungua. Wanyama wakubwa ni wachache, lakini asubuhi ukikaa kimya kwenye miombo, darubini mkononi, ndege watakuja wenyewe.

Mwenye wiki nzima achague Upemba. Hifadhi hii ni ya tangu 1939, na punda milia wa mwisho wa Kongo wako huko, kwenye nyasi za juu. Chini, kwenye mabwawa ya mto Lualaba, matete ya mafunjo yanaficha lechwe wa Upemba, swala wa majini asiyepatikana kwingine duniani. Mimi moyo wangu uko huko. Ila barabara ni ngumu, hasa wakati wa mvua, na kumekuwa na watu wenye silaha: ulizeni kwanza ICCN, taasisi ya Kongo inayosimamia hifadhi, msiende kwa kubahatisha.