Gari nyota nne, huduma nyota moja: miaka miwili na gari langu la umeme

Asubuhi ya kwanza gari liliponigomea, betri kubwa ilikuwa na asilimia 78. Umeme wa kwenda kilomita 300 na ushee, na mlango haufunguki. Nikabonyeza rimoti, kimya. Nikafungua programu ya simu, ikaniambia gari halipatikani, nami nimeliegemea. Mwishowe nikachomoa kile kifunguo cha chuma kilichofichwa ndani ya rimoti, ambacho siku ya kununua muuzaji alinionyesha huku akicheka, eti sitakihitaji kamwe. Nikaingia, nikakaa mbele ya skrini nyeusi kama mtu anayesubiri filamu ianze.

Kwa wasiojua, haya magari yana betri mbili. Kubwa ndiyo inayozungusha magurudumu. Ndogo ni ya volti 12, ndugu yake ile ya magari ya petroli, na kazi yake ni kuamsha kompyuta, kufungua milango na kuwasha swichi nzito zinazoiunganisha betri kubwa na mota. Ndogo ikifa, kubwa hata ijae pomoni haina wa kuiamsha. Ukiegesha gari, kompyuta zinatakiwa zilale ili ile ndogo isinyonywe. Za kwangu zilikuwa zinakesha.

Niseme mapema nisije nikaitwa adui wa magari ya umeme: gari lenyewe nalipenda. Limekwenda kilomita 41,000 na pedi za breki ni zilezile, kwa sababu ukiachia mafuta (bado nasema mafuta, mnisamehe) mota inapunguza mwendo yenyewe na kurudisha umeme kwenye betri. Hakuna oili ya injini ya kumwaga. Kwenye mlima linapanda kama vile linateremka. Nyota moja niliyolikata ni ya kiti cha nyuma, ambacho mtu mwenye miguu mirefu anakalia magoti yakiwa kidevuni. Basi, habari ya gari imeisha hapo.

Huduma sasa. Kupata nafasi kwenye karakana ya kampuni kulichukua siku 19, na fundi wa nje hawezi kusaidia maana hana programu ya kusoma kompyuta zake. Gari likakaa kwao siku 9. Likarudi na karatasi ya mstari mmoja: hakuna hitilafu iliyoonekana. Walinibadilishia betri ndogo bure, nikashukuru. Wiki ya tatu ikafa tena.

Safari ya pili kijana wa mapokezi, mpole kweli, alinigeuzia kompyuta nijionee mwenyewe. "Mzee, mfumo unasema gari lako ni zima." Nikamwambia, mwanangu, huo mfumo ndio mgonjwa, na wewe unamuuliza mgonjwa kama anaumwa. Akacheka, na nadhani alinielewa. Lakini hakuwa na la kufanya. Kumbukumbu za gari zinatumwa makao makuu, jibu linatoka makao makuu, na fundi aliyesimama mbele yako akiwa na spana mkononi hajui zaidi ya wewe. Nimekulia na mafundi wanaotega sikio kwenye injini na kukwambia ugonjwa kabla hujazima. Huyu amenyimwa hata ruhusa ya kutega sikio.

Nikanunua mita ya kupimia umeme na daftari. Betri ndogo ya namna ile ikiwa nzima, imejaa na imepumzika inatakiwa isome volti 12.6 hivi. Usiku nilisoma 12.6. Alfajiri, 12.1. Siku iliyofuata, bila gari kuguswa, 11.7. Nikarudi nyuma kwenye tarehe, nikakuta mkasa wote ulianza siku nne baada ya sasisho la programu lililoingia usiku nikiwa nimelala. Maelezo yake kwenye skrini yalikuwa maneno sita: "Maboresho ya jumla na marekebisho madogo." Niliomba wanirudishie toleo la awali. Hairuhusiwi. Gari ni langu, bima nalipa mimi, ila kilichomo ndani wanabadilisha wao.

Katika kupimapima niligundua na langu. Kila nilipofungua programu ya simu kuangalia kama gari limelala, nililiamsha. Sawa na kumtikisa mtoto umuulize kama amepata usingizi. Hilo kosa nalibeba, ingawa hakuna ukurasa wa kitabu cha maelekezo unaolitaja.

Katikati ya hayo ikaja barua: magari ya toleo langu yarudishwe yakaangaliwe betri kubwa, ina hatari ya kupata joto. Nilidhani kuna kitu kitafunguliwa. Wakachomeka waya, wakapakia programu, dakika 50, kwaheri. Kabla ya siku hiyo, kuchaji kwenye chaja ya kasi kutoka asilimia 10 hadi 80 kulinichukua dakika 32. Tangu siku hiyo ni dakika 47. Barua haikugusia jambo hilo, na nilipouliza nikaambiwa "inategemea hali ya hewa". Nimechaji kwenye joto na kwenye baridi. Dakika 47.

Sidharau dawa ya programu. Mwaka 2018 jarida la Consumer Reports la Marekani lililalamika kwamba Tesla Model 3 inachelewa kusimama; siku chache baadaye sasisho likapunguza umbali wa kufunga breki kwa karibu mita 6, na hakuna aliyekwenda karakana. Hilo ni jambo la kupigiwa makofi. Wasiwasi wangu ni pale programu inapotumika kufunika ugonjwa wa chuma. Wenye Chevrolet Bolt, gari la umeme la kampuni ya General Motors, wanalijua hilo. Novemba 2020 waliwekewa kikomo cha kuchaji cha asilimia 90 kwa hofu ya moto, halafu wakapakiwa programu ya kuchungulia betri, na bado kuna magari yaliyoshika moto baada ya kutibiwa. Kasoro ilikuwa ndani ya seli zenyewe, vile vijibetri vinavyounda betri kubwa. Agosti 2021 kampuni ilipanua wito wa kurudisha magari karakana hadi magari yote ya aina hiyo, kama 142,000, na wenyewe wakaambiwa wayaegeshe nje. Dawa ikawa kubadilisha moduli za betri, yaani mafungu ya hizo seli. Ndiyo maana ninapoambiwa "tumeshasasisha", nauliza: mmefungua?

Mimi bado sijajibiwa. Ila miezi miwili iliyopita liliingia sasisho jingine, maneno yaleyale sita, na tangu hapo kompyuta zinalala. Asubuhi nasoma 12.5. Hakuna aliyenipigia simu kusema walipata nini. Karatasi yangu kwao bado inasema gari halijawahi kuwa na tatizo, na hiyo ndiyo inayoniuma, kwa sababu waranti ikiisha nitakuwa mtu aliyelalamikia gari zima.

Ukitaka kununua aina hii, nunua, ila kabla hujasaini muombe muuzaji akuonyeshe kwa maandishi maelezo ya sasisho la mwisho. Uso wake utakueleza. Na ununue kile kibetri cha kubebeka cha kuamshia gari. Cha kwangu nilikiweka kwenye buti, nikajisifu kwa busara yangu hadi siku betri ndogo ilipokufa tena, nikakumbuka kuwa buti nalo linafunguka kwa umeme. Siku hizi kinakaa chini ya kiti cha dereva.