Volkswagen ID.4 ya mtumba mjini Lubumbashi: bodi imara, programu ya kuchunguzwa

Kimitambo, ID.4 ni gari la umeme la kuaminika. Mota ya kilowati 150 imekaa nyuma, betri kubwa ya toleo la Pro inatoa kilowati-saa 77, na safari ya kwenda Kasumbalesa na kurudi, karibu kilomita 190, inaisha huku betri ikiwa na akiba nzuri. Fundi atakayelikagua kwa namna iliyozoeleka, akitikisa magurudumu na kuchungulia chini kama kuna kutu, atalipitisha. Ugonjwa wake haukai huko. Unakaa kwenye kompyuta, na hasa kwenye masasisho ya programu yaliyoshindwa, yaliyokatikia njiani au ambayo hayakufika kabisa. Mnunuzi wa mtaa wa Golf au wa Kampemba anaweza kulipa pesa nyingi kwa gari ambalo programu yake imekwama tangu siku lilipopakiwa melini.

Kabla ya bei, tazama namba ya chasisi, ile inayosomeka kupitia kioo cha mbele upande wa dereva. Ikianza na W, gari limetoka Ujerumani, Zwickau au Emden. Ikianza na 1V2, limeundwa Chattanooga, Marekani. Ikianza na L, ni la China: ID.4 X ya kampuni ya ubia na SAIC, au ID.4 Crozz ya ubia na FAW. Magari haya yanafanana sura tu. La Ujerumani lililouzwa Ulaya linachajiwa kwa plagi ya Type 2 na CCS2, la China kwa plagi ya GB/T, na la Marekani lina plagi ya kwake. Adapta zinapatikana, kwa hiyo plagi isikunyime usingizi. Seva, yaani kompyuta za kiwanda zinazotuma programu kwa mtandao, ndizo za kuulizia. Gari la China linatafuta seva za China kwa laini ya simu iliyofungwa ndani yake kiwandani, na laini hiyo haizungumzi na Vodacom, Airtel wala Orange ya hapa. Sasisho halitafika, leo wala mwakani. Lile la Ulaya nalo hupokea masasisho kwa laini ya ndani, si kwa Wi-Fi unayoigawa kutoka kwenye simu yako, hivyo bandali kubwa ya intaneti haisaidii kitu.

Hilo ndilo linalotufanya tuseme: nunua toleo la programu ulilolikuta, usinunue ahadi ya kwamba litaboreshwa. Fungua mipangilio kwenye skrini, ingia sehemu ya taarifa za mfumo, usome namba. Programu 3.0 au ya juu zaidi, chukua. Programu 2.x ina skrini nzito na inayoganda, na magari ya mwanzo yalihitaji kupelekwa kwa wakala ili yapande ngazi. Kwenye baadhi yake wakala alibadilisha kwanza betri ndogo ya volti 12, ndipo sasisho likawekwa. Wakala wa namna hiyo, mwenye akaunti ya kiwanda, usitegemee kumkuta barabara ya Kasenga.

Betri hiyo ndogo inastahili maelezo marefu, kwa sababu ndiyo inayoua masasisho mengi, na watu wanaidharau kwa kuwa gari lina betri kubwa chini ya sakafu. Betri kubwa haiendeshi kompyuta moja kwa moja. Kompyuta zote, pamoja na ICAS1 inayosimamia mawasiliano ya gari na ICAS3 ya skrini, zinakula volti 12. Gari likiwa linatembea au linachajiwa, kibadilishi cha volti kinaishusha nguvu ya betri kubwa na kuijaza ile ndogo. Wakati wa kusasisha, gari limeegeshwa, kompyuta nyingi zimeamshwa kwa pamoja, na mara nyingi betri kubwa imetengwa. Mzigo wote unaiangukia betri ndogo. Piga hesabu: mkondo wa amperi 30 kwa saa moja ni amperi-saa 30, yaani nusu ya betri ya amperi-saa 60 iliyo nzima. Iliyochoka haifiki nusu. Volti zinaporomoka kompyuta ikiwa katikati ya kuandika kumbukumbu yake. Kompyuta kubwa zenye nafasi mbili za programu hurudi kwenye toleo la zamani. Moduli ndogo yenye nafasi moja inabaki bila programu, na haiwaki tena hadi iandikwe upya.

Sasa fikiria njia ambayo gari letu limepita. Limekaa bandarini Ulaya au Dubai, likakaa melini, likakaa Dar es Salaam, likapanda lori, likapanga foleni ya Kasumbalesa. Muda wote huo betri ndogo inanyonywa polepole na kengele ya wizi na kompyuta zinazoamka kila kifunguo kinapokaribia. Betri ya risasi ikiachwa tupu kwa majuma, salfeti huganda kwenye sahani zake na uwezo wake hupungua moja kwa moja. Baadaye itaonyesha volti nzuri bila mzigo, kisha itaanguka mara tu ikiombwa kazi. Kwa gari lolote la umeme lililotoka melini, ushauri wetu ni mmoja: hesabu bei ya betri mpya ya volti 12 ndani ya bei ya gari. Chagua ya aina ya AGM, betri ya risasi iliyofungwa isiyomwaga asidi, yenye ukubwa na amperi-saa zilezile zilizoandikwa kwenye ya zamani.

Kipimo ni rahisi. Funga gari, peleka kifunguo mbali, subiri kama saa mbili kompyuta zilale, kisha weka multimeta kwenye vichwa vya betri chini ya boneti. Volti 12.6 hadi 12.8 ni betri iliyojaa. 12.2 ni kama nusu. Chini ya 12 usiguse sasisho lolote, hata kama skrini inakubembeleza kila asubuhi. Washa taa kubwa na feni kwa dakika tano gari likiwa halichajiwi wala halijawashwa kwa safari. Volti zikishuka haraka kuelekea 11.5, betri imekwisha hata kama ilianza vizuri.

Fundi anayekubali kusasisha gari bila kuunga chaja ya kushikilia volti kwenye betri ndogo, mkimbie. Chaja hiyo iwe ya kielektroniki, inayodhibiti volti yenyewe, na iwe na amperi za kutosha kubeba mzigo wote. Zile za transfoma zinazotumika kuchaji betri za malori zinaweza kuvuka volti 15 na kuunguza moduli. Na kwa kuwa umeme wa SNEL unaweza kukatika bila taarifa, chaja yenyewe ipite kwenye inveta yenye betri zake, au kazi ifanywe kwa jenereta iliyotulia. Delestaje, yaani mgao wa umeme, ikiangukia katikati ya kazi, betri ndogo inabaki peke yake.

Sasisho likikwama, mkono usiwe mwepesi. Mstari wa maendeleo kwenye skrini usiosogea kwa nusu saa haumaanishi kwamba kazi imekufa. Pima volti kwanza. Zikiwa zinashuka, unga chaja, acha. Gari likimaliza na skrini ikabaki nyeusi, bonyeza kitufe cha kuwashia kilicho chini ya skrini kwa sekunde kumi hadi kumi na tano, hadi alama ya kiwanda itokee. Isipotokea, funga gari, ondoka na vifunguo vyote viwili, rudi baada ya nusu saa. Hatua ya tatu ni kufungua waya hasi wa betri ndogo kwa spana namba 10, kungoja dakika kumi na kuurudisha. Acha mlango mmoja wazi ili usijifungie nje. Nyaya za rangi ya chungwa haziguswi katika hatua yoyote. Zinabeba mamia ya volti.

Zaidi ya hapo inahitajika ODIS, mashine ya uchunguzi ya kiwanda, tena ikiwa imeunganishwa na seva kwa akaunti halali. Kompyuta mpakato zenye ODIS ya kunakili zinasoma misimbo ya hitilafu, na kwa kazi hiyo zinafaa. Kuandika programu ni jambo jingine: magari haya yana kufuli la kidijiti liitwalo SFD, na ufunguo wake hutolewa na seva. Anayedai atalipita bila akaunti anajaribia kwenye gari lako. Tahadhari hiyohiyo iwaguse wanaobadilisha Kichina cha skrini kuwa Kifaransa. Lugha itabadilika kweli, lakini kompyuta hiyo imeshawekewa programu isiyotambuliwa na kiwanda, na likitokea tatizo hakuna toleo rasmi litakalokubali kuwekwa juu yake.

Haya si mapungufu ya Volkswagen peke yake. Novemba 2023 Rivian, kampuni ya magari ya umeme ya Marekani, ilituma toleo la programu 2023.42 likiwa na cheti cha usalama kisicho sahihi. Skrini za magari yaliyolipokea zikazimika, ingawa magari yaliendelea kutembea. Kiwanda chenyewe kilichounda gari kilikosea kwa kubofya mara moja. Tofauti ni kwamba mteja wa California anaweza kupata fundi wa kiwanda, na wa Katuba hapa Lubumbashi hampati.

Kuhusu kuchaji nyumbani hatuna mengi. Kwenye soketi ya kawaida, amperi 10 kwa volti 230, unapata kilowati 2.3, na kutoka sifuri hadi kujaa ni karibu saa 38 ukihesabu upotevu. Weka kikomo cha asilimia 80 kwa matumizi ya kila siku. Umeme ukikatika, kuchaji husimama bila kuharibu betri. Voltij ikishuka sana, chaja hukataa kazi, na hapo regyuleta nzuri inalipa gharama yake.

Jambo la pili linalopitwa juu juu ni siri zilizomo ndani ya gari. Desemba 2024 ilibainika kwamba Cariad, kampuni ya programu ya kundi la Volkswagen, iliacha data za magari ya umeme karibu 800,000 zikifikika kwenye hifadhi ya mtandaoni isiyolindwa ipasavyo. Kwa karibu 460,000 kati yake, mahali gari lilipozimwa palionekana kwa usahihi mkubwa. Kwa Volkswagen na Seat usahihi ulifika sentimita 10. Wachunguzi wa Chaos Computer Club, chama cha wadukuzi cha Ujerumani, waliitaarifu kampuni, na tundu likazibwa. Sentimita 10 ni lango la nyumba yako, ni maegesho ya kanisa lako, ni mlango wa hospitali unayokwenda bila kumwambia mtu. ID.4 ya Ulaya inayouzwa hapa inaweza kuwa ilikuwa katika orodha hiyo, na mmiliki wake wa kwanza huenda bado ameiacha kwenye programu ya simu yake.

Kwa hiyo, kabla ya malipo ya mwisho, muuzaji amtafute huyo mmiliki wa kwanza aliondoe gari kwenye programu ya simu yake, na alete picha ya skrini kama ushahidi. Kurudisha gari katika hali ya kiwanda kunafuta anwani, orodha ya simu na watumiaji waliomo ndani ya gari. Akaunti iliyoko kwenye seva ni habari nyingine, na gari lisilo na mtandao hapa haliwezi kuifuta. Fanya vyote viwili, kisha weka faragha kwenye kiwango cha juu kabisa. Usiunganishe simu yako kwa Bluetooth na kukubali kuhamisha majina kabla ya kumaliza hilo. Na siku utakapoliuza wewe, anza kwa kuliondoa kwenye simu yako.

Namba ya chasisi nayo ifunikwe kwenye kila picha unayomtumia fundi usiyemjua. Februari 2016 mtafiti Troy Hunt alionyesha kwamba kwa Nissan Leaf, namba hiyo peke yake ilitosha kuwasha kiyoyozi cha gari la mtu mwingine na kusoma saa na umbali wa safari zake. Nissan ikalazimika kuizima huduma. Ripoti zinazotolewa na vichomeo vidogo vya Bluetooth vinavyochomekwa kwenye OBD, tundu la uchunguzi la gari, mara nyingi hubeba namba hiyohiyo pamoja na kilomita. Kichomeo chenyewe kichomolewe kila baada ya kutumika: kinaweza kuzizuia kompyuta kulala, betri ndogo inaisha usiku, na mwenye simu aliye karibu anaweza kujaribu kujiunga nacho.

Kwa magari yaliyouzwa Marekani, yakiwemo ya 1V2, kuna kitu kimoja zaidi. Septemba 2024 zaidi ya ID.4 98,000 ziliitwa zirudi kutengenezwa nchini Marekani kwa sababu maji huingia kwenye saketi ya vitasa vya milango na mlango unaweza kufunguka gari likitembea. Ingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya usalama barabarani ya Marekani, bila malipo, uone kama kazi hiyo ilifanyika. Kwa mvua zetu za Novemba hadi Aprili, ambalo halijatengenezwa liachwe.

Uamuzi wetu: ya Ujerumani yenye programu 3.0 kwenda juu, vifunguo viwili, na mmiliki wa zamani aliyekwisha jiondoa, tunaipendekeza bila kusita. Ya 2.x ni ya kununua kwa bei iliyoshushwa vya kutosha kulipia betri ndogo mpya, na kwa mtu atakayekubali kuishi na skrini hiyo kama ilivyo. Ya China inamfaa anayetaka gari la mjini, anayeweza kusoma alama za skrini bila kuelewa maandishi, na aliyeapa kutompa mtu ruhusa ya kuigusa programu. Anayetaka utulivu zaidi ya teknolojia atazame Nissan Leaf ya vizazi viwili vya kwanza: betri yake inapozwa kwa hewa tu na joto la Oktoba linaizeesha, lakini inatembea miaka bila kuomba sasisho.