Kibanda cha uji pale Rabuor, kwa sisi tunaopigwa na upepo mara mbili

Anayetoka Ahero asubuhi kwenda Kisumu husukumwa mgongoni. Upepo wa usiku hutoka nchi kavu, ukaambaa juu ya uwanda wa Kano kuelekea ziwani. Jioni anaporudi, jua limekwisha kuipasha moto ardhi, hewa imepanda, na upepo umegeuka: sasa unatoka ghuba ya Winam na kumsindikiza hadi nyumbani. Wa zamu ya mchana hubebwa kwenda na kurudi.

Mimi naoka mikate usiku. Natoka Ahero saa kumi kasorobo alasiri, upepo wa ziwa ukiwa umekomaa. Natoka kazini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upepo wa nchi kavu ukiwa bado haujalala. Kwenda unanipiga kifuani, kurudi unanipiga kifuani.

Ni kama kilomita 23 kila upande, siku tano kwa wiki. Baiskeli yangu ni Black Mamba niliyoinunua kwa mtu, chuma kitupu, haina gia za kubadilisha. Huu ni mwaka wangu wa tatu kwenye njia hii, tangu nauli ya matatu ilipoanza kula kile nilichotarajia kubaki nacho mwisho wa mwezi. Naandika kukisifu kibanda kimoja cha uji kilichoko Rabuor, njiani kati ya Ahero na Kisumu, na kukikosoa panapostahili. Bila kibanda hicho baiskeli hii ningekuwa nimeiuza zamani.

Hakina jina ubaoni. Ukitoka Kisumu kiko mkono wa kushoto, chini ya mwembe: mabati matatu, jiko la kuni, benchi moja, na kando yake fundi wa baiskeli aliyetandaza gunia lake la spana na viraka. Mwenye kibanda ni mama wa makamo ambaye wateja wote tunamwita Mama Uji.

Mwezi wangu wa kwanza nilikuwa naondoka kazini na chai ya rangi na vipande viwili vya mkate mweupe tumboni. Mkate tunaoka wenyewe, hakuna anayekuhesabia vipande. Nikifika Nyamasaria nilikuwa sawa. Baada ya hapo, nyumba zinapopungua na uwanda kufunguka, miguu ilianza kuwa mizito, kisha mikono ikatetemeka juu ya usukani. Kilichonitisha zaidi ni hasira. Nilikuwa naendesha huku nalia kwa sababu tu trekta la miwa limenipita karibu. Asubuhi moja nilishuka, nikawa naikokota baiskeli. Mama Uji aliniona nikipita mbele ya jiko lake.

“Nyara, wewe huumwi,” aliniambia, yaani binti yangu. “Huna kitu mwilini. Kaa hapo.”

Nikakaa. Akanipa magi ya uji na kipande cha sukari nguru. Baada ya dakika kumi na tano dunia ilikuwa imerudi mahali pake.

Alisema kweli kuliko alivyojua. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na kwenye ini. Kwa mtu aliyekula vizuri, akiba hiyo hutosha kazi nzito ya saa moja na nusu hivi, pengine zaidi kidogo. Mimi nilikuwa nimesimama kwa muda wa saa kumi na mbili mbele ya tanuri, nikikanda na kubeba trei, halafu napanda baiskeli nzito kushindana na upepo. Na upepo hauna hesabu za kirafiki: ukiongeza mwendo kidogo dhidi yake, nguvu unayodaiwa haiongezeki kidogo, inapaa. Chai na mkate mweupe vilikuwa moto wa mabua. Viliwaka, vikazimika, na mimi bado sijafika nusu ya njia.

Sasa uji wenyewe. Ni wa mtama, wimbi na muhogo. Kwetu Wajaluo tunauita nyuka. Unga anaukoroga kwa maji ya vuguvugu, anaufunika, na kuuacha siku mbili mpaka uchachuke ndipo aupike. Si mzito wa kuliwa na kijiko wala si maji. Unateremka kooni bila kukusumbua. Ukiuonja mara ya kwanza utakunja uso. Mara ya tatu utaanza kuuwaza tangu ukiwa Nyamasaria.

Uchachu huo si wa ladha peke yake. Mtama na wimbi vina madini ya chuma, lakini nafaka huyashikilia, mwili ukapata kidogo tu. Kuchachusha hulegeza mshiko huo. Kisha Mama Uji anakamulia ndimu, na vitamini C ya ndimu husaidia chuma kuingia damuni. Mwanamke anayekesha na kuendesha kilomita 46 kwa siku hawezi kuichezea damu yake. Kabla ya kuanza kunywa uji huu nilikuwa nasikia kizunguzungu nikiinuka kutoka kitandani. Sikipati tena. Siwezi kuapa kwamba ni uji peke yake uliokiondoa, maana nimebadilisha mengi, lakini ndio uliotangulia.

Magi kubwa ni shilingi 30. Nikikadiria kwa unga unaoingia, ndani yake mna wanga wa gramu 40 hivi, na kipande cha nguru anachokitosa huongeza kama 15. Wataalamu wa michezo hushauri gramu 30 hadi 60 kwa kila saa kwa mtu anayefanya kazi ya mfululizo inayozidi saa moja. Magi ile inatua ndani ya kipimo hicho, ilhali mama huyu hajawahi kunitajia gramu hata siku moja. Yeye hutazama uso wa mteja, kisha huamua ukubwa wa kipande cha nguru.

Kitu cha pili ninachokifuata pale ni nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa hadi yakakubali, pamoja na omena, wale dagaa wa ziwani. Sahani ni shilingi 80. Hapa nina ushauri ninaousisitiza: usile pale kisha ukapanda baiskeli. Nilijaribu wiki ya pili. Tumbo na mapaja vyote vilikuwa vinadai damu, na tumbo likashinda. Nilifika Ahero nimejikunja. Siku hizi nakuja na kontena langu, ananipimia, nanywa uji palepale na nyoyo naila nyumbani kabla ya kulala.

Chakula hicho ndicho kilichoiokoa miguu yangu. Zamani ikifika Jumatano mapaja yalikuwa yanauma hadi kushuka ngazi ni kazi. Watu waliniambia ni asidi imeganda kwenye misuli, niisugue kwa dawa ya mafuta. Asidi hiyo haigandi. Huondoka yenyewe ndani ya saa moja hivi baada ya kupumzika. Maumivu yanayokuja kesho yake na keshokutwa hutokana na nyuzi za misuli zilizochanika kidogo kidogo, na mwili uko kazini kuziunga. Kuziunga kunahitaji protini. Mahindi peke yake yana upungufu wa laisini, mojawapo ya vijenzi vya protini, na maharagwe yanayo kwa wingi, kwa hiyo sahani ya nyoyo inajikamilisha yenyewe. Ongeza kiganja cha omena kavu iliyokaangwa na nyanya, unafikia gramu 20 za protini au zaidi. Nilikuwa natumia pesa nyingi kuliko bei ya sahani hiyo kwa dawa ya kusugua, na sikuwahi kuona faida yake zaidi ya harufu.

Niseme na juu ya chai, kwa sababu pale kibandani ipo, ya maziwa, tamu, na inanukia tangu barabarani. Asubuhi siinywi. Kafeini ukiinywa sasa, saa tano baadaye karibu nusu yake bado iko damuni, na mimi nikifika nyumbani nina saa sita tu za kulala, tatu asubuhi hadi tisa alasiri. Misuli hujengwa usingizini. Nikiuharibu usingizi, uji na nyoyo vyote nimevinunua bure. Kwa sababu hiyohiyo nimeacha vile vinywaji vya nguvu vya chupa ambavyo vijana wa boda boda hunywa pale dukani jirani. Nilivitumia miezi miwili. Vilinifikisha nyumbani macho yakiwa makavu, nikawa nalala kwa kushtukashtuka, na jioni nilikuwa mbovu kuliko asubuhi. Kijana anayelala usiku pengine ataviona tofauti. Mtu wa zamu ya usiku, achana navyo.

Alasiri napita tena, nikielekea kazini, na hapo mahitaji ni mengine. Nyumbani huwa nimekula viazi vitamu viwili na yai nikiamka saa tisa, kwa hiyo tumbo lina kitu. Shida ya saa hizo ni joto. Kisumu iko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, lakini alasiri uwanda wa Kano huchemka kama uko pwani, na upepo wa ziwa unaokukabili hukausha jasho kabla hujaliona. Unapoteza maji na chumvi na hujui. Mama Uji ana nyungu ambamo uji wa asubuhi unapoa kivulini. Naagiza nusu magi, baridi, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Shilingi 15. Wageni wakiniona natia chumvi kwenye uji hushangaa. Mimi tangu nianze kufanya hivyo misuli ya vigimbi haijanikaza tena usiku nikiwa nimesimama kazini.

Fundi wa pembeni pia anastahili shukrani katika habari hii ingawa uji si wake. Siku moja alinitazama nikiondoka, akaniita nirudi. Kiti changu kilikuwa chini mno. Magoti yalikuwa yanakunjwa kupita kiasi kila nikikanyaga, na mimi nilidhani maumivu ya goti ni umri. Alikipandisha vidole vitatu, mpaka mguu ukifika chini kabisa goti linabaki limekunjika kidogo tu. Hakutaka malipo. Baada ya wiki mbili goti lilinyamaza. Tukumbuke kwamba nguvu nyingine hatupotezi kwa njaa, tunazipoteza kwa kiti kibaya, cheni kavu na tairi lisilo na upepo wa kutosha. Sasa kila Jumatatu natia mafuta cheni na kujaza matairi palepale, wakati uji unapoa.

Kuhusu kasoro. Ya kwanza na kubwa ni uchachu usiotabirika. Wateja wakizidi, mama huishiwa na unga uliokaa siku mbili, hupika uliolala usiku mmoja, kisha huongeza ndimu ili kuufunika. Mtu aliyezoea huutambua papo hapo: ndimu huuma ncha ya ulimi, uchachu wa kweli hukaa pembeni mwa mdomo. Nimemwambia mara mbili kwamba ni afadhali atuambie leo umeisha. Alinisikiliza, na ya pili alinipunguzia bei, ila wiki iliyopita ilitokea tena.

Kasoro ya pili ni vyombo. Magi zote zinaoshwa kwenye beseni moja, na ikifika saa mbili maji yake si ya kutazama. Nimenunua magi yangu ya bati, naining'iniza kwenye kikapu, na Mama Uji hakukasirika hata kidogo nilipoitoa. Wakati wa masika ukingo wa barabara pale huwa matope meusi ya kunata, yanayoshika tairi kama gundi. Acha baiskeli kwenye lami ya kuingilia, usiishushe hadi mwembeni. Jumapili hafungui, ni siku ya kanisa, na mimi zamu yangu ya Jumamosi huisha Jumapili asubuhi. Siku hiyo nabeba ndizi mbili na kipande cha nguru kwenye karatasi. Zinanifikisha, lakini mwili wangu unajua tofauti.

Bei imepanda pia, kutoka 20 hadi 30 kwa magi kubwa. Sina ugomvi na hilo. Nimeona bei ya wimbi sokoni, na najua kuni hazijileti.

Kama unatokea Awasi, Ahero au Katito kwa baiskeli na kazi yako iko mjini, simama pale angalau wiki moja mfululizo kabla ya kuamua. Agiza uji wa siku mbili, uutaje hivyo hivyo, na mwambie nguru aitie baada ya kuepua, si wakati unachemka. Nyoyo hupungua mapema. Baada ya saa tatu asubuhi utakuta chungu kimeoshwa. Mimi huwa pale saa moja na robo, baiskeli nyeusi yenye kikapu cha chuma na magi ya bati ikining'inia. Benchi linatosha watu watatu.