Jeli ya akriliki, gundi ya mbao na selotepu: nilivyohamishia picha ya bibi kwenye ubao

Nina picha ya bibi yangu mzaa mama amekaa barazani kwake hapa Bagamoyo, kajifunga kanga iliyoandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone". Siku nyingi nilitaka kuitengenezea kolaji, pamoja na vipande vya kanga zake na barua za zamani. Kuibandika tu sikutaka. Nilitaka mistari ya mninga ionekane ndani ya picha, ipite hadi usoni kwake. Kwa hiyo nikaanza kujifunza kuhamisha picha, yaani wino wa kopi ubaki kwenye ubao na karatasi itoke, na mpaka sasa nimeshatumia gundi nyeupe ya mbao, selotepu pana, na jeli ya akriliki niliyoagiza Dar.

Jeli ndiyo niliyobaki nayo. Ni nzito na nyeupe kama mtindi, ila ikikauka inakuwa angavu kabisa. Unapiga ubao msasa, unapaka jeli, unalaza kopi ya picha kifudifudi, unaikandamiza kwa kadi ngumu kuanzia katikati kwenda pembeni ili mapovu yatoke. Hapo unaacha. Kopo langu linasema saa 24, lakini masika ya huku pwani hayajui saa 24. Mara ya kwanza niliharakisha, nikasugua asubuhi yake, na nusu ya picha ikang'oka pamoja na karatasi. Siku hizi nasubiri siku mbili.

Kinachofuata ndicho ninachokipenda. Unalowesha karatasi kwa sponji, unasugua taratibu kwa ncha ya kidole, bila kucha. Karatasi inatoka ikijiviringisha kama nongo, na chini yake kunaanza kuonekana jicho, ukingo wa ushungi, mguu wa kiti. Ukimaliza utadhani kazi imekwisha, kumbe ikikauka inarudi na ukungu mweupe. Ni nyuzi za karatasi zilizobaki. Lowesha tena, sugua tena. Mimi narudia mara tatu au nne, kisha napaka jeli nyembamba juu, na ule ukungu uliobaki unapotea.

Sasa suala la kopi, maana hapa ndipo nilipopoteza hela. Lazima itoke kwenye mashine ya leza, inayotumia wino wa unga. Unga ule una plastiki ndani yake, mashine inauyeyusha kwa joto mpaka ushike kwenye karatasi, ndiyo maana maji hayaufanyi kitu. Nilipoenda steshenari moja nikauliza mashine yao ni ya aina gani, kijana akanijibu, "Dada, wino ni wino tu." Nikachukua kopi tano. Ilikuwa printa ya wino wa maji. Nilipogusisha sponji, uso wa bibi ukawa doa la zambarau, na kopi zote tano zikaishia hapo. Tangu siku hiyo nalowesha kidole na kusugua kona ya karatasi palepale dukani, kabla sijalipa.

Na geuza picha kabla ya kuitoa kopi, iwe kama kwenye kioo. Ubao wangu wa kwanza uliofanikiwa, jina la kanga lilisomeka kinyumenyume. Mama aliuangalia muda mrefu, akasema sura ni ya mama yake lakini kanga haijui.

Gundi ya mbao ni rahisi, ipo kila duka la vifaa vya ujenzi, na kwa mazoezi inafaa. Tatizo lake ni kwamba hata ikishakauka, ile ya kawaida inalainika ukiilowesha, na kazi yenyewe ni ya kulowesha. Picha inateleza chini ya kidole. Nilipata vipande viwili vizuri tu, nikavipiga vanishi.

Selotepu sikuitegemea, ikanishangaza. Unaibandika juu ya kopi ya leza, unaikwangua kwa mgongo wa kijiko, unaitumbukiza kwenye maji ya vuguvugu, unasugua karatasi itoke. Inabaki picha ya kupenya mwanga, nzuri kwa vipande vidogo vya kolaji, juu ya barua kwa mfano.

Thina nayo niliigusa mara moja. Msanii Robert Rauschenberg wa Marekani, kuanzia 1958, alilowesha picha za magazeti kwa kiyeyushi na kuzisugua kwa nyuma mpaka zikahamia kwenye karatasi yake, na michirizi ile ya mkono ni mizuri mno. Lakini nafanyia kazi chumba ambacho watoto wanalala. Harufu ilinitosha.

Jeli ni ghali, sifichi, ukiilinganisha na gundi. Hata hivyo nimeshaagiza kopo la pili. Ubao wa bibi uko ukutani kwa mama, kanga inasomeka. Shavuni pana kitundu kama punje ya mtama, pale kidole changu kilipozidi. Nilitaka kukiziba kwa rangi, mama akakataa. Mninga unaonekana hapo.