Fonti Andika: miezi sita nikitengeneza nayo vitabu vya bamama wanaojifunza kusoma

Niko hapa Bukavu, nasaidia darasa la kusoma na kuandika la bamama kule Kadutu, na mi njo natengeneza vile vitabu vidogo wanavyosomea. Mwanzoni nilikuwa naandika tu na fonti Arial (fonti ni sura ya herufi kwenye kompyuta), saizi 11, kwenye karatasi ya A4, mistari inatoka ukingo mmoja mpaka mwingine, naona iko propre kabisa. Jioni moja mama mmoja anasoma na kidole juu ya karatasi, anafika kwenye sentensi inaanza na "Ili tupate maji", anasimama, anainua macho ananiuliza: "Mwalimu, hapa ni kumi na moja?" Nikainama nikaangalia vizuri. Alikuwa na haki. I kubwa na l ndogo, vijiti viwili vimesimama pamoja, na kwa mtu ambaye wiki ile njo amejifunza tarakimu, hiyo ni 11 na kitu kingine nyuma yake. Na Kiswahili chetu kimejaa ili, ilikuwa, ilifika, kila ukurasa!

Usiku ule njo nilitafuta fonti ingine (hapa wengi tunasema polisi, kama Kifaransa) nikakuta Andika. Inatengenezwa na SIL, wale wanafanya kazi ya lugha, na waliifikiria kwa ajili ya watu wanaoanza kusoma, na jina lake ni neno letu la Kiswahili. Ni bure, leseni yake ni wazi, unaweza kuimprime vitabu hata kuviuza bila kulipa mtu. Herufi a iko ya mviringo kama tunavyoandika kwa mkono na biki, si ile yenye kichwa kimejikunja juu, g vilevile, na l iko na kamkia chini kwa hiyo haifanani tena na I wala na 1. Hata ukiandika Lingala na zile ɛ na ɔ zinatoka vizuri, hazigeuki vibox vyeupe. Mama yule nilimpa sentensi ileile wiki iliyofuata, akapita "Ili" bila kusimama, nilifurahi sana.

Lakini fonti peke yake haitoshi, nilijifunza hilo kwa macho yao. Kwenye A4 mstari wangu ulikuwa na herufi karibu 90, bamama walikuwa wanafika mwisho, wanarudi kushoto, wanaanguka tena kwenye mstari uleule au wanaruka mmoja. Wanaochapa vitabu wanapenda herufi kati ya 45 na 75 kwa mstari, na kwa mtu anayeanza mi naona hata chini kidogo ni sawa. Sasa natumia A5, yaani nusu ya A4, ukingo wa ndani milimeta 18, wa nje 14, saizi 14, inanipa herufi arobaini na kitu. Kutoka mstari mmoja mpaka mwingine naweka pointi 20 (pointi ni kipimo kilekile cha saizi ya herufi), mistari 24 kwa ukurasa, na kila kitu kinakaa juu ya mistari hiyo, hata kichwa cha habari nakipa nafasi ya mistari miwili kamili ili maandishi ya chini yasisogee. Faida yake niliiona kwenye karatasi yetu hii nyepesi ambayo maandishi ya nyuma yanaonekana mbele: mistari ya pande zote mbili ikilala mahali pamoja, ile nafasi katikati inabaki nyeupe na jicho linapumzika. Kabla ya hapo ukurasa ulikuwa kama umechafuka na kivuli.

Na tafadhali usinyooshe pande zote mbili kwenye A5! Maneno yetu ni marefu, neno kama "wataniandikishia" likishuka chini, yale yaliyobaki juu yanavutwa mpaka yanaacha mashimo. Panga kushoto, kulia iachwe huru.

Ubaya wa Andika sasa. Iko pana, inakula karatasi kuliko Times, kitabu changu cha kurasa 20 kilifika 24, na fotokopi tunalipa kwa ukurasa. Pia ukiacha nafasi ya mistari yenyewe, bila kuipangia, inaachana mno, ju imeacha nafasi ya alama za juu na chini za lugha zingine, basi ndani ya LibreOffice, programu ninayoandikia, uweke nafasi ya mistari "fixe" kwa pointi unazotaka. Na kitu kiliniuma: nilipeleka fishye (faili) kwenye flashi mahali pa kuchapa, masini yao haikuwa na Andika, ikaweka fonti ingine yenyewe bila kuuliza, picha ya kisima ikaenda ukurasa wa nyuma yake, na nakala 40 zilikuwa zimeshatoka. Siku hizi napeleka PDF tu, na kabla ya kutoka nyumbani nafungua kwenye proprietés zake naangalia kama Andika imeingia ndani.

Nyota tano ningeipa kama ingekuwa inabana kidogo, naipa nne. Sasa natengeneza kitabu cha hesabu za soko, na ile 1 ninaiangalia sana.